Kalamu Iliyolika

Mmeniuliza habari za kalamu, nami nitawajibu. Lakini mtanivumilia, kwa sababu siwezi kuitaja kalamu ile bila kumtaja mtu aliyenipa, na kila nikimtaja mtu yule mdomo wangu huwa kama wa aliyetafuna mwarobaini.

Nasikia vijana wetu wa hapa Birmingham mmeanza kuziokota zile mashine za zamani za kuchorea, plota zenye mkono unaoshika kalamu na kuitembeza juu ya karatasi. Mnazipata kwa watu wanaosafisha maghala, mnaziwasha, mkono unakwenda, mnafurahi, kisha mnagundua kwamba kalamu zake hazitengenezwi tena. Habari hizi nililetewa na binti wa dada yangu. Aliniuliza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, na kila mmoja akaelewa alichotaka kuelewa. Mwisho akasema wenzake wanataka niandike. Basi nimeandika.

Sisi tulifikwa na tatizo hilo kabla yenu, ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na kwetu halikuwa mchezo. Karakana yetu ilikuwa Bordesley Green, ghorofani juu ya duka la matairi, na ngazi yake ilinuka mpira hata Jumapili. Kazi ilikuwa kuchora pateni, yaani vipande vya nguo kwa ukubwa wake kamili, kwenye karatasi ndefu. Viwanda vidogo vya ushonaji vilitandaza karatasi yetu juu ya tabaka za kitambaa na kukata kwa kufuata mistari yetu. Mwenye karakana alikuwa Bwana Nassor, mtu wa Unguja, mfanyabiashara mwana wa mfanyabiashara. Kwenye kompyuta alikaa Akinyi, dada wa Kisumu, ambaye alivipanga vipande vya nguo kwenye kioo kwa ubanifu mkubwa. Hakuacha nafasi ya kupita sindano. Na juu yetu sote, kwa umri na kwa ufundi, alikuwa Mzee Shaaban.

Mzee Shaaban alikuwa mkata nguo kutoka Tanga, nami pia ni wa Tanga, na alipojua hilo alinichukua kama mwanawe. Nilimwita Mwalimu. Nilifika pale nikiwa mbeba mabunda. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma pateni, kujua mbele na nyuma ya mkono wa shati kwa kuutazama tu, na kuielewa ile mashine. Hilo silifuti. Uchungu wangu wote hauwezi kulifuta.

Sasa kalamu. Mwili wake mtaukereza, yaani mtauchonga kwa mashine inayouzungusha, kwa ufito wa plastiki ngumu. Msijaribu mbao. Mimi nilijaribu, nikachonga kalamu ya mbao nzuri nikaisifu mwenyewe, nikaipaka vanishi. Mvua ikanyesha wiki nzima, mbao ikanywa unyevu, ikavimba ndani ya kishikio kilicho kwenye mkono wa mashine. Ilipotakiwa kurudi mahali pake ikagoma, mkono wa mashine ukaivuta, kishikio kikafuata, na Akinyi akapiga kelele, "Athumani! Mashine yako inajing'oa meno!"

Ncha hamtaitengeneza wenyewe, msijidanganye. Nunueni kalamu za rangi za watoto wa shule, zile zenye ncha ya nyuzi zilizoshindiliwa, mzipasue, mtoe ncha na kile kijiti laini kinachobeba wino. Biro ya kawaida haifai kwa mashine nyepesi: inataka kukandamizwa, na mkono wa mashine haukandamizi, unagusa tu. Ukiweka biro, mstari unaanza baada ya safari kuanza.

Acheni tundu la hewa. Jembamba, la kuingia ncha ya pini, juu karibu na kisogo cha kalamu. Nilipolisahau, kalamu niliyoiweka karibu na hita ilipata joto, hewa ya ndani ikatanuka, na wino wote ukashuka kwa mara moja juu ya pateni ya gauni la harusi. Mzee Shaaban alisimama akalitazama lile dimbwi jeusi, akasema, "Bibi harusi huyu kafiwa kabla ya kuolewa."

Alikuwa na maneno, Mwalimu. Tulicheka sana katika karakana ile. Nataka mjue hivyo.

Lakini yote hayo mtu hujifunza kwa kuharibu karatasi. Kilicho kigumu ni pete. Kiunoni mwa kalamu kuna pete inayokaa juu ya kishikio, na kutoka kwenye pete hiyo mpaka kwenye ncha ndipo palipo na uhai wote wa kalamu. Ikizidi urefu, ncha inakwaruza karatasi hata pale mkono unapoinuka. Ikipungua, ncha inashuka na kuishia hewani. Inapita pale ambapo meza ya mashine imebonyea kidogo na mstari haupo. Tofauti ya kuzidi na kupungua haifiki unene wa ukucha. Kwa hiyo huwezi kukisia. Unahitaji kigezo: kalamu moja ya kiwandani, halisi, ya kupimia nyingine zote.

Na hapa niwape kanuni ya Mzee Shaaban, maana ni kanuni ya kweli hata kama aliyeifundisha aliivunja. Alikuwa akisimulia habari za mwanagenzi mmoja wa Tanga aliyepewa suruali ya kigezo akate nyingine za namna ile. Yule mwanagenzi akakata ya kwanza kwa kigezo, ya pili akaipimia ya kwanza, ya tatu akaipimia ya pili. Kila mara chaki ilizunguka nje ya ukingo, na kila suruali ikanenepa kwa upana wa chaki. "Ya mwisho," Mwalimu alikuwa akisema, "ingewatosha mkuu wa wilaya na dereva wake. Usikate kutoka kwenye kilichokatwa. Rudi kwenye kigezo."

Kalamu za dukani zilipokwisha, nilimwendea nikamwambia ninaweza kuzitengeneza, ila nahitaji kigezo. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi akatoa kalamu, ya mwisho ya kiwandani iliyokuwa imebaki.

Niliigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa bapa, kama jino la ng'ombe mzee.

"Mwalimu," nikasema, "hii si imelika?"

"Imelika wapi?"

"Kwenye ncha. Imechora sana. Nikiipima hii, zote zitatoka fupi."

"Athumani, kalamu hii nimechorea mimi. Imechora sawasawa mpaka jana. Kalamu inayochora sawasawa ni fupi kwa nani?"

Nikasema labda niwaandikie wauzaji wa vitu vya zamani, huenda mmoja anayo moja ambayo haijatumika. Uso wake ukabadilika. "Unakwenda kuazima kigezo kwa watu na mimi nipo hai?"

Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo na mwalimu wake, mazungumzo yamekwisha. Nikapima ile aliyonipa, nikakereza kwa kipimo chake.

Kalamu zikatoka nzuri na zikatoka fupi, kama nilivyosema. Karibu nasi zilichora. Kwenye kona ya mbali, ambako meza ilikuwa imebonyea, zilirukaruka. Mwalimu hakusema kwamba kipimo kilipungua. Alisema meza imezeeka. Akatafuta kadibodi nyembamba, akaikata kwa ukubwa wa meza nzima, akaitandika chini ya karatasi. Meza ikapanda, ncha zikafika. Akinyi akasema, "Sasa mashine imevaa soksi. Aki ya Mungu, msiwahi kuivua, itapata baridi."

Tukafanya kazi hivyo muda mrefu, na kazi ilikwenda. Mimi nilikereza, Mwalimu alikagua na kukunja karatasi. Kukagua ilikuwa kazi yake peke yake. Hakuna mwingine aliyeweka jicho baada ya jicho lake. Nami nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Bwana Nassor alikuwa ameniahidi kwamba akipata kazi kubwa atanipa chumba cha nyuma kiwe karakana ya kalamu, nizitengeneze pia kwa wengine waliobaki na mashine kama yetu. Nilijifunza kukereza kwa vitabu vya maktaba, nikisoma sentensi moja mara nyingi mpaka inakubali. Nilitaka kile chumba kuliko nilivyowahi kutaka kitu katika nchi hii. Nilishajua meza ningeiweka wapi.

Kazi kubwa ikaja. Kiwanda kimoja cha ushonaji cha Great Barr, mwenye mali mama wa Kipunjabi, kilipata kushona sare za wauguzi, na pateni zote tukapewa sisi. Bwana Nassor akasema mashine haiwezi kuingia kazi kama ile bila kuhudumiwa, akamkodi fundi.

Siku fundi alipokuja mimi sikuwapo. Nilikuwa Great Barr, nikipeleka mabunda ya majaribio. Niliporudi niliiona meza uchi. Fundi alikuwa ameinyoosha, ameisawazisha, kila kitu kwa kipimo cha waliounda mashine. Sina ugomvi naye, alifanya kazi yake.

"Mwalimu, kadibodi iko wapi?"

"Haihitajiki. Mashine imetengenezwa."

"Lakini kalamu zetu—"

"Kalamu zetu zimechora tangu asubuhi. Tazama."

Nikatazama. Ukingo wa karibu mistari ilikuwa myeusi, safi.

"Tuchore karatasi moja tupu ya majaribio, mpaka kona ile."

Akavua miwani yake, akaifuta polepole. "Athumani. Unanipima mimi?"

Nikasema hapana, Mwalimu. Kazi ikaendelea.

Mistari mirefu ilipita vizuri, au vizuri kiasi cha kutosha. Zilizokosekana ni zile alama ndogo, vile vistari vifupi kama ukucha vinavyomwonyesha mshonaji mahali pa kuunganisha mkono na bega, na upi ni mbele na upi ni nyuma. Kistari kifupi kinataka ncha ishuke, iguse, iinuke. Ncha fupi ilishuka, ikapungia hewa, ikainuka. Upande wa mbali wa karatasi, ambako meza ilikuwa bado chini kidogo hata baada ya kunyooshwa, vistari vile havikuwapo, na Mwalimu, kama kawaida yake, alikagua mwanzo wa karatasi, upande wa karibu, akaikunja. Kule kiwandani wakakata tabaka kwa tabaka, na washonaji ambao hawakuona alama wakaunganisha mikono kwa kubahatisha.

Yule mama wa Great Barr alipanda ngazi zetu akiwa na sare moja mkononi. Hakutukana. Aliiweka juu ya meza ya mashine akasema, "Mmoja wenu aivae."

Bwana Nassor akanitazama mimi. Nikaivaa. Vijana, kama hamjawahi kuvaa nguo ambayo mikono yake imeunganishwa nyuma mbele, niwaambie: mabega yanavutwa nyuma na viwiko vinatoka nje. Nilisimama kama mtu aliyekamatwa na askari, katika vazi la muuguzi, jembamba kwangu, lisilofunga kifuani. Mama yule akasema zote ziko hivyo, au nyingi kiasi kwamba hana haja ya kutafuta nzuri. Akasema kazi imekwisha. Akashuka.

Bwana Nassor akawa anazunguka meza. "Haya n'ambieni. Haya yamekuwaje? Mzee Shaaban, mashine si imehudumiwa juzi tu?"

"Mashine haina kosa," Mwalimu akasema.

"Sasa kosa la nani?"

Mwalimu hakunitazama. Alikitazama kikombe cha kalamu zangu kilichokuwa karibu na dirisha. "Kalamu," akasema. "Kalamu zake fupi."

Nilikuwa bado ndani ya lile vazi.

Akinyi aligeuka kwenye kiti chake. "Athumani, sema. Si uko na mdomo?"

Sikusema. Wengine wenu mtanicheka, mmelelewa hapa, mmefundishwa shuleni kumjibu mwalimu usoni na kusifiwa. Sisi tulilelewa kwamba mwanagenzi hamrudi fundi wake mbele ya tajiri. Ukiona kosa lake, unanyamaza mbele za watu, mnakwenda pembeni, naye anajua kwamba umemsitiri, na yeye mwenyewe anarudi kulisahihisha. Hilo la pili ndilo ahadi ya lile la kwanza. Mimi nilitimiza langu nikangoja yeye atimize lake.

Bwana Nassor akasema, "Basi, vua nguo hiyo." Ndivyo nilivyofukuzwa kazi, hakukuwa na maneno mengine.

Akinyi alinifuata mpaka chini, dukani kwa matairi. Alikuwa na hasira na mimi kuliko na wao. "Unajua yule fundi aliuliza nini siku ile? Alishika ile kadibodi akauliza, hii ni ya nini, niiache ama niitoe? Na mzee wako akasema hajui, ati ni takataka mtu amesahau hapo. Mimi nilikuwa nimekaa papo hapo. Alionea haya kadibodi mbele ya mzungu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani amekuambia! Si ni Mwalimu wako?"

Nikamwambia asiseme kitu juu. "Atarekebisha mwenyewe," nikasema. Akinyi akanitazama kama mtu anayetazama basi lililompita.

Hakurekebisha. Si wiki ile, si mwezi ule. Tulionana msikitini, akaniitikia salamu, akaniuliza hali za nyumbani Tanga. Bwana Nassor aliuza mashine kwa wanunua vyuma, akanunua nyingine ya kisasa inayonyunyiza wino, isiyohitaji kalamu wala mtengeneza kalamu. Mzee Shaaban alibaki kuilisha karatasi. Chumba cha nyuma wakaweka mabunda.

Mimi nilipata kazi ya kufua nguo za hospitali, na hapo ndipo nilipostaafia, kabla ya umri, kwa mgongo. Sare za wauguzi zilipita mikononi mwangu kila siku. Nilizijua kwa kuzishika. Nikikunjua mkono wa sare kidole kilikwenda chenyewe kwenye mshono wa bega kutafuta kama umekaa mbele au nyuma. Umekaa sawa. Kila siku umekaa sawa.

Mambo mawili ya mwisho, kisha nitawaacha na kazi yenu.

La kwanza, nilimwandikia muuzaji mmoja wa vitu vya zamani, kama nilivyotaka kufanya mwanzoni, na alikuwa nayo. Kalamu moja, haijatumika, ncha yake imechongoka kama punje ya mchele. Ilifika kwa posta katika bahasha. Ndivyo shida ilivyokuwa ndogo.

La pili, Mzee Shaaban alipougua Akinyi alinipigia simu. "Anakuulizia. Enda tu. Usikae na hii kitu moyoni." Nikaenda kwake Winson Green. Chumba kilijaa watu, wanawe, wakwe, majirani wa msikitini. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno ambayo ningemwambia akiniomba radhi. Yalikuwa mema, nilikuwa nimekwisha kumsamehe kabla sijabisha hodi. Aliniona, akatabasamu kweli kweli, akainua mkono nikaubusu.

"Huyu," akawaambia watu, "ndiye mwanafunzi wangu. Mikono yake haina mfano. Alikosea mara moja tu, na ni kwa sababu hakukifuata kigezo." Akatia mkono chini ya mto akatoa ile kalamu. Alikuwa nayo bado. "Chukua, mwanangu. Ukitengeneza tena, fuata hii."

Sijui kama alikuwa akisema uongo. Nimelifikiri sana jambo hilo, na ninachokiogopa zaidi ni kwamba hakuwa akisema uongo. Kwamba ameisimulia hivyo mpaka imekuwa hivyo. Watu walikuwa wananitazama, wanangoja shukrani. Nikasema, "Ahsante, Mwalimu." Alifariki kabla ya mwezi kwisha, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Basi njooni. Ufito wa plastiki nitawaonyesha unakopatikana, na mashine yangu ya kukerezea ipo, mtaitumia. Tundu la hewa msisahau. Kigezo nitawaazima, kile kilichokuja kwa posta. Mpime kwacho mkirudishe, wala msichore nacho hata mstari mmoja.

Ile nyingine, aliyonipa Mwalimu, iko katika kisanduku kimoja na kigezo, mtaiona. Hiyo simwazimi mtu. Na kuitupa sijaweza.